Hatifungani, fahirisi, mali binafsi au timu ya ndani: mfuko wako ushike njia gani soko likichafuka?

Mwaka 2022 uliwavuruga wadhamini wengi wa mifuko kuliko hata 2008. Mwaka 2008 hisa zilianguka lakini hatifungani za serikali, yaani mikopo ya serikali inayouzwa sokoni, zikasimama, na aliyekuwa na zote mbili akapata pa kushika. Mwaka 2022 zilianguka pamoja. Fahirisi ya S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilipoteza asilimia 18 ukijumlisha na gawio, na fahirisi pana ya hatifungani za Marekani ikapoteza 13. Mgawo ule wa 60 kwa 40, yaani hisa asilimia 60 na hatifungani 40, uliofundishwa kama sala kwa miaka mingi, ukaonekana hauna kinga.

Tangu hapo vikao vya kamati za uwekezaji vimejaa swali lile lile kwa maneno tofauti: tubaki tulipo, au tuhame? Na tukihama, twende kwa nani? Kila mshauri anayeingia mlangoni ana njia anayoipigia debe. Makala hii inaziweka njia nne mezani, kwa vipimo vile vile, ili wewe unayeshika pesa za wastaafu, za wenye bima au za chuo uone ipi inakaribiana na hali yako. Hakuna inayowafaa wote, na mifuko mingi hatimaye huchanganya mbili au tatu.

Vipimo kwanza

Cha kwanza ni ratiba ya madai: nani atadai pesa, lini, na je, anaweza kuidai kabla ya wakati? Mfuko wa pensheni unaolipa wastaafu kila mwezi na mfuko wa serikali usio na mdai hata mmoja ni vitu viwili tofauti, hata kama vina kiasi kile kile benki.

Cha pili ni ukwasi, yaani wepesi wa kuigeuza mali kuwa fedha taslimu, siku ya dhoruba. Sisemi ukwasi wa siku ya kawaida. Siku ya kawaida karibu kila kitu kinauzika.

Cha tatu, bei inajulikanaje. Kuna mali ambazo soko linazipigia bei kila sekunde, na kuna ambazo bei yake ni makadirio ya mtu.

Cha nne ni gharama na watu: ada, mishahara, na zaidi ya yote uwezo wa bodi kuvumilia bila kubadili msimamo katikati ya mto.

Faida sikuiweka kwenye orodha kwa makusudi. Kila njia kati ya hizi nne imewahi kuwa na muongo wake wa kung'ara, na ukiniambia mwaka unaoanzia hesabu nitakuchagulia mshindi. Kinachoua mfuko mara nyingi si kuwa na mali mbaya. Ni kulazimika kuuza mali nzuri siku mbaya. Ndiyo maana vipimo vyote vinne, ukivitazama vizuri, vinauliza jambo moja: nani anaweza kukulazimisha kuuza?

Njia ya kwanza: kuoanisha mali na madeni

Inavyofanya kazi. Mfuko unakadiria mafao utakayolipa mwaka hadi mwaka, miaka 30 au 40 mbele, kisha unanunua hatifungani zinazolipa kwa ratiba inayokaribiana na hiyo. Riba za soko zikishuka, thamani ya madeni hupanda, na hatifungani nazo hupanda. Riba zikipanda, vyote hushuka. Hapa mtu hatafuti utajiri. Anatafuta pengo kati ya mali na madeni lisitikisike, na ikiwezekana lizibwe kabisa.

Ugumu unaanzia pale mfuko usipokuwa na pesa ya kutosha kununua hatifungani zinazolingana na madeni yote, na hapo hapo unataka ubaki na hisa kidogo za kukuza mtaji. Nchini Uingereza, mifuko mingi ya pensheni ilitatua hilo kwa kukopa: inaweka hatifungani ilizonazo rehani, inapata fedha, inanunua nyingine.

Ilipochafuka. Tarehe 23 Septemba 2022, Waziri wa Fedha wa Uingereza, Kwasi Kwarteng, alitangaza kupunguza kodi bila kueleza pengo litazibwa na nini. Wawekezaji wakaanza kuzitupa hatifungani za serikali, na ndani ya siku chache riba ya zile za miaka 30 ikavuka asilimia 5.

Hebu tufanye hesabu ndogo ili uone moto ulivyowaka. Mfuko una 10 za kwake, umekopa 20, umeshika hatifungani za 30. Hatifungani ndefu kiasi hicho hupoteza karibu asilimia 20 ya bei riba ikipanda kwa pointi moja tu ya asilimia. Asilimia 20 ya 30 ni 6. Zile 10 zimebaki 4, na mkopo haujapungua hata senti. Mkopeshaji anaandika: leteni dhamana ya ziada. Barua pepe inaingia asubuhi na jibu linatakiwa kesho yake. Mfuko una hisa, una majengo, una hatifungani za makampuni, lakini kamati hukutana mara moja kwa robo mwaka, na mmoja wa watia saini wawili yuko safarini. Msimamizi anauza kile anachoweza kuuza haraka, yaani hatifungani zile zile za serikali, na bei inazidi kushuka kwa sababu jirani yake naye anauza hizo hizo.

Tarehe 28 Septemba Benki Kuu ya Uingereza iliingia sokoni na kusema iko tayari kununua hadi pauni bilioni 65. Ilipofunga zoezi tarehe 14 Oktoba ilikuwa imenunua bilioni 19.3 tu. Kuonekana kwake sokoni ndiko kulikotuliza watu.

Kichekesho ni hiki: riba zilipopanda, madeni ya mifuko hiyo nayo yalipungua, na mingi ilitoka na hali bora kwenye vitabu kuliko ilivyoingia. Ilikuwa kama tajiri aliyekwama kituoni kwa kukosa nauli. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema wazo la kuoanisha lilishindwa, mwulize kama anazungumzia kuoanisha au mkopo uliobebwa juu yake. Aliyeoanisha bila kukopa hakupigiwa simu na mtu.

Fursa yake sasa. Miaka mingi baada ya 2008 hatifungani zilikuwa hazilipi kitu cha maana, na kuoanisha kulikuwa sawa na kukubali hasara mapema. Hilo limebadilika. Benki Kuu ya Marekani peke yake ilipandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 Julai 2023, na ingawa imeshusha baadaye, dunia ya riba sifuri haijarudi. Mfuko uliokuwa na pengo unaweza leo kujikuta umetosha, na ukakabidhi madeni yake yote kwa kampuni ya bima na kufunga hesabu. Mifuko mingi ya makampuni Uingereza imefanya hivyo.

Gharama na watu. Ada ni ndogo na bei zote zinaonekana sokoni. Unachohitaji ni aktuari (mtaalamu wa kukadiria mafao ya baadaye) makini na mtu mwenye mamlaka ya kuhamisha fedha bila kusubiri kikao.

Inamfaa nani. Mfuko wa pensheni uliokomaa, wenye wastaafu wengi kuliko wachangiaji. Kampuni ya bima ya maisha. Adui yake mkubwa ni mfumuko wa bei: kama mafao yanapanda na gharama za maisha na hatifungani zako zinalipa kiasi kile kile, umeoanisha nusu tu.

Njia ya pili: kununua soko zima, kama Norway

Inavyofanya kazi. Mfuko wa mafuta wa Norway uliingiziwa fedha za kwanza mwaka 1996 na kuanza kununua hisa mwaka 1998. Mgawo wa hisa uliwekwa asilimia 40, ukapandishwa hadi 60 kwa uamuzi wa 2007, kisha 70 kwa uamuzi wa 2017. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni hatifungani, na majengo kidogo. Hauchagui sana, unafuata fahirisi, yaani unanunua kila kampuni kwa kadiri ya ukubwa wake, na kujitenga na fahirisi hiyo kidogo tu. Leo unamiliki kwa wastani karibu asilimia 1.5 ya kila kampuni iliyoorodheshwa kwenye masoko ya hisa duniani.

Ilipochafuka. Mwaka 2008 mfuko ulipoteza asilimia 23.3. Ulikuwa katikati ya safari ya kutoka 40 kwenda 60, kwa hiyo ulikuwa unanunua hisa huku kila mtu anauza. Mwaka uliofuata ukapata 25.6. (Usidanganyike na namba mbili zinazofanana: aliyeanza na 100 alikuwa na kama 96 mwisho wa 2009.) Mwaka 2022 ukapoteza 14.1, sawa na zaidi ya kroni bilioni 1,600, na mwaka 2023 ukapata 16.1.

Hasara za ukubwa huo zingeing'oa bodi nyingine yoyote. Kwa nini hapa hazikuing'oa? Kwanza, hakuna mdai. Jina lina neno pensheni, lakini hakuna mstaafu anayelipwa moja kwa moja kutoka mfukoni humo. Pili, serikali inachota kwa kanuni: tangu 2001 matumizi yanafuata faida halisi inayotarajiwa kwa muda mrefu, iliyokadiriwa kwanza kuwa asilimia 4 na tangu 2017 asilimia 3. Tatu, mgawo wa hisa ulipitishwa na bunge. Siku soko likianguka hakuna meneja wa kulaumiwa peke yake, kwa sababu waliouliza maswali ndio waliopiga kura.

Hilo la tatu ndilo watu husahau wanapoiga. Wanachukua fahirisi na kuacha kanuni. Kisha hisa zinashuka kwa theluthi, mjumbe mmoja anasema tupunguze kidogo mpaka hali itulie, na kwa neno hilo moja mfuko unakuwa umenunua juu na kuuza chini.

Fursa yake sasa. Kusawazisha mgawo. Hisa zikishuka chini ya asilimia iliyoandikwa, nunua, zikizidi, uza. Fursa hii haidai akili nyingi, inadai kanuni isiyovunjwa, na tete la bei, yaani kupanda na kushuka kwake, linalowatisha wengine ndilo linaloilisha. Changamoto yake ni kwamba fahirisi huwabeba wakubwa: kampuni chache za teknolojia za Marekani zimekua mpaka mwenye "dunia nzima" mkononi ana sehemu kubwa ya mtaji wake kwenye majina machache.

Gharama na watu. Hapa hakuna anayeifikia. Uendeshaji wa mfuko wa Norway hugharimu karibu asilimia 0.04 ya mali kwa mwaka, na hata mfuko mdogo unaweza kununua fahirisi kwa ada ndogo. Timu ya watu watatu inatosha.

Inamfaa nani. Mwenye miaka mingi mbele na madai madogo ukilinganisha na mtaji: mfuko wa akiba ya taifa, mfuko mchanga wa pensheni ambao michango bado inazidi mafao, na yeyote asiye na uwezo wa kuajiri wataalamu wengi. Haimfai anayeulizwa kila robo mwaka kwa nini namba ni nyekundu.

Njia ya tatu: mali zisizouzwa sokoni, kama Yale

Inavyofanya kazi. David Swensen alichukua usimamizi wa wakfu (mfuko wa kudumu) wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1985 na kubaki hapo hadi alipofariki mwaka 2021. Hoja yake ilikuwa rahisi kuieleza: chuo kitakuwepo karne nyingi, kwa nini kilipie uwezo wa kuuza kila siku kama hakiuhitaji? Akaelekeza sehemu kubwa ya mtaji kwenye kampuni zisizoorodheshwa, biashara changa, majengo, misitu na mameneja wa mikakati maalumu. Vyuo na mifuko kote duniani vikafuata. Ni njia ya mtaka cha mvunguni: lazima uiname, na ukishainama huinuki upesi.

Ilipochafuka. Katika mwaka wa fedha ulioisha Juni 2009, wakfu wa Yale ulipata hasara ya asilimia 24.6 na ule wa Harvard 27.3. Hasara zenyewe zilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa fedha taslimu. Harvard ilikopa dola bilioni 2.5 kwa kuuza hatifungani, ikalipa karibu dola milioni 500 kujitoa kwenye mikataba ya riba iliyoigeukia, na ikasimamisha ujenzi wa jengo lake kubwa la sayansi huko Allston. Taasisi tajiri kuliko vyuo vyote duniani ilikuwa ikitafuta fedha za matumizi.

Inakuwaje? Chukua mfuko wa 100: 70 sokoni, 30 mali binafsi, yaani hizi zisizouzwa sokoni. Soko likianguka kwa asilimia 30, zile 70 zinakuwa 49. Mali binafsi bado zimeandikwa 30, kwa sababu tathmini yake huja polepole. Jumla ni 79, na mali binafsi zimekuwa asilimia 38 bila mtu kununua chochote. Wakati huo huo mfuko uliahidi mameneja 15 nyingine, nao wana haki ya kuziita wakati wowote. Chuo kinataka 5 zake za kila mwaka za mishahara na ufadhili. Mgao kutoka kwa mameneja umekauka, maana hakuna anayenunua kampuni. Hizo 20 zitoke wapi? Zitoke kwenye zile 49, kwa bei ya siku hiyo. Maji yamezidi unga.

Hali hiyo imejirudia kwa sura nyingine baada ya riba kupanda mwaka 2022: mameneja wanachelewa kuuza kampuni walizonunua bei juu, na wenye pesa wanasubiri mgao usiokuja. Mwaka 2025 Yale yenyewe, mama wa njia hii, ilijitokeza kutafuta wanunuzi wa sehemu ya mali zake binafsi.

Kuhusu bei, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, ila kalamu iko mkononi mwa anayelipwa ada kwa kile anachokiandika. Thamani hutolewa kila robo mwaka na huteleza taratibu, na wapo wanaosema utulivu huo una faida yake, kwani bodi isiyoona kelele haikurupuki. Kuna ukweli hapo. Lakini usilale ukidhani mali haijashuka kwa sababu tu haijapigiwa bei.

Fursa yake sasa. Ni kubwa, ila iko upande wa pili wa meza. Wanaolazimika kuuza hisa zao katika mifuko binafsi huziuza kwa punguzo, na mwenye fedha mkononi leo anachagua. Vilevile benki zilivyopunguza baadhi ya mikopo kwa makampuni baada ya 2008, wakopeshaji binafsi wamechukua nafasi hiyo kwa riba nzuri. Angalia tu masharti ya mikopo hiyo: sekta ikikua haraka kiasi hiki, nidhamu ndiyo hupungua kwanza.

Gharama na watu. Ghali. Ada iliyozoeleka ni asilimia 2 ya mtaji kila mwaka na asilimia 20 ya faida, ingawa wakubwa hupewa nafuu. Na tofauti kati ya meneja mzuri na wa kawaida ni kubwa kuliko katika hisa za sokoni. Swensen alikuwa na miongo zaidi ya mitatu ya mahusiano na mameneja ambao hawafungui mlango kwa kila mgeni. Anayeingia leo kwa kupitia msambazaji hanunui njia ya Yale. Ananunua mabaki yake kwa ada kamili.

Inamfaa nani. Wakfu unaotoa asilimia ndogo kwa mwaka na wenye chanzo kingine cha mapato, na mfuko wenye michango inayoingia kwa uhakika kwa miaka 15 mbele. Haumfai mfuko ambao wanachama wake wanaweza kuchukua pesa zao wakitaka.

Njia ya nne: kununua mwenyewe, kama Kanada

Inavyofanya kazi. Mfuko wa walimu wa Ontario ulianza kujitegemea mwaka 1990, na ule wa pensheni ya taifa, CPP Investments, ulianzishwa kwa sheria ya 1997 na kuanza kuwekeza 1999. Badala ya kuwalipa mameneja wa nje, mifuko hii iliajiri watu wenye ujuzi ule ule, ikawalipa mishahara ya soko, na kununua moja kwa moja: barabara za kulipia, viwanja vya ndege, bandari, kampuni nzima. Msingi wake ni bodi ya wataalamu ambayo wanasiasa hawaiingilii. Ukitoa msingi huo, kilichobaki ni ofisi ya serikali inayonunua viwanja vya ndege, na wote tunajua hadithi hiyo huishia wapi.

Ilipochafuka. Kununua mwenyewe kuna maana ya kukosea mwenyewe. Mwaka 2022 mfuko wa walimu wa Ontario ulifuta dola za Marekani milioni 95 ulizoweka kwenye soko la sarafu za kidijitali la FTX, na mfuko wa Quebec, CDPQ, ukafuta milioni 150 za Celsius, kampuni ya mikopo ya sarafu hizo. Mwaka 2024 OMERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali za mitaa wa Ontario na mwenye hisa mkubwa kuliko wote katika kampuni ya maji ya Thames Water ya Uingereza, iliandika sehemu yake kuwa sifuri. Mkasa huo wa tatu ndio wenye somo zaidi. Sarafu za kidijitali zilikuwa kamari ndogo. Maji ya London yalikuwa yale yale yanayoitwa mali salama: kila nyumba inayahitaji, bei zinafuata mfumuko. Kumbe kampuni ilibeba madeni makubwa, na anayepanga bei ni msimamizi wa serikali anayesikiliza wateja wenye hasira.

Hakuna mfuko ulioanguka kwa makosa hayo. Kwa mfuko wa walimu, FTX ilikuwa chini ya asilimia 0.05 ya mali zake. Ukubwa ndio kinga. Lakini magazeti hayaandiki asilimia 0.05. Yanaandika milioni 95.

Fursa yake sasa. Serikali na makampuni yenye madeni yanauza miundombinu, na mnunuzi mwenye subira ya miaka 30 anapendwa kuliko anayetaka kuuza baada ya mitano. Mikataba yenye tozo zinazopanda na mfumuko wa bei inaziba tundu lile lile ambalo hatifungani za kawaida zinaliacha wazi.

Gharama na watu. Ni nafuu kwa kila shilingi iliyowekezwa kuliko ada za mameneja wa nje, lakini jumla yake ni kubwa: CPP Investments ina wafanyakazi zaidi ya 2,000. Bodi lazima iwe tayari kutetea hadharani mshahara wa mtu anayelipwa kuliko waziri.

Inamfaa nani. Mifuko mikubwa sana, basi. Midogo inaweza kuikaribia kwa kuungana, kama ilivyofanyika England na Wales, ambako mifuko ya pensheni ya serikali za mitaa ilikusanywa katika vikapu vinane vya pamoja. Kuungana nako kuna siasa zake. Kila mfuko unataka umoja ilimradi makao makuu yawe kwake.

Ukiziweka bega kwa bega

Anayeweza kukulazimisha kuuza ni tofauti kila mahali. Katika kuoanisha ni mkopeshaji, kama umekopa. Katika fahirisi ni bodi yako mwenyewe ikipata hofu. Katika njia ya Yale ni ahadi ulizotia saini miaka minne iliyopita. Katika njia ya Kanada ni siasa na magazeti.

Kwa gharama, fahirisi na kuoanisha ziko mbali mbele. Kwa ulinzi dhidi ya mfumuko wa bei, miundombinu ina hoja, hatifungani za kawaida hazina. Kwa uwazi wa bei, mbili za kwanza hukuonyesha ukweli kila siku hata usipoutaka, na mbili za mwisho hukuachia nafasi ya kupumua na ya kujidanganya kwa pamoja. Na Machi 2020 ilionyesha kwamba kwa siku kadhaa hata hatifungani za serikali ya Marekani zinaweza kuwa ngumu kuuza wakati wote wanataka fedha taslimu. Kwa hiyo akiba kidogo ya dhamana za muda mfupi inahitajika katika njia zote, hata kama mshauri wako anaiita pesa iliyolala.

Kwa hali yako

Kama mafao unayolipa yanazidi michango, anza na kuoanisha, na anza na miaka 10 ya karibu kabla ya kufikiria ile ya 30. Usikope. Kama ni lazima ukope, weka dhamana ya kutosha kuhimili riba ikipanda pointi tatu, na mpe mtu mmoja mamlaka ya maandishi ya kuhamisha fedha siku hiyo hiyo.

Kama mfuko wako ni mchanga na michango inaingia kwa wingi, fahirisi inakutosha kwa miaka mingi. Pesa utakazookoa kwenye ada ni za uhakika kuliko faida utakazoahidiwa.

Kama wewe ni wakfu, usiangalie mgawo wa Yale kabla hujaangalia bajeti ya taasisi yako. Chuo kinachotegemea wakfu kwa theluthi ya matumizi yake hakiwezi kufunga pesa kama kile kinachotegemea asilimia 5. Ukiingia, ingia kidogo kila mwaka kwa miaka mingi, usije ukanunua mavuno ya mwaka mmoja mbaya. Na kama una fedha taslimu leo, waulize wanaouza kwa punguzo kabla ya kuwauliza wanaoanzisha mfuko mpya.

Kama ni kampuni ya bima ya mali na ajali, madai yako huja kwa mafuriko na moto na hayafuati ratiba ya mtu. Hatifungani fupi ziwe mwili wa mfuko, hisa ziwe viungo.

Kama bodi yako hubadilika kila uongozi unapobadilika, achana na njia ya tatu na ya nne mpaka sheria ya kuilinda ipatikane. Mali ya miaka 15 mikononi mwa bodi ya miaka 3 itauzwa na wasioinunua, kwa bei wasiyoijua.

Na kama bado mmegawanyika nusu kwa nusu, fanyeni zoezi hili kikao kijacho, kabla ya kumwita mshauri. Chukueni namba za mfuko wenu halisi. Shusheni hisa kwa asilimia 30, pandisheni riba kwa pointi mbili, wekeni sifuri kwenye mgao wa mali binafsi kwa miezi 18, na mchukulie kwamba ahadi zote za mtaji zimeitwa mwaka huo huo. Kisha andikeni mwezi kwa mwezi: mafao yanalipwa kwa kuuza nini, kwa bei gani, na nani anatia saini. Mwezi ambao hakuna anayeweza kuujaza ndio muanze nao.